Jina Nililoliondoa Kwenye Blogu

Nilipofungua blogu yangu nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka Njombe kuja kufundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya Dar. Pale panapotakiwa jina la mwandishi niliandika majina yangu yote matatu: langu, la baba na la ukoo. Sikufikiria mara mbili. Jina la ukoo wetu ni la kulekule kwetu, na hapa mjini sijawahi kukutana na mtu mwingine mwenye nalo. Kila nilichoandika kilitoka na majina hayo chini yake, nami nilipenda kuyaona. Niliandika mambo ya mtaani kwetu Vingunguti: foleni ya maji, harusi iliyofunga barabara, vituko vya wanafunzi wangu, msiba wa baba. Wasomaji walikuwa walimu wenzangu, ndugu, na watu wachache nisiowajua.

Mie na mume wangu tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiarabu, mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa na duka barazani, na mbele ya duka alikaanga kaimati asubuhi na alasiri. Mume wangu ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ni mtu mpole. Majirani wakigombana, yeye hufunga dirisha.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kununua maini kwenye bucha moja karibu na machinjio. Mwenye bucha nilimzoea. Alikuwa mnene, mchangamfu, ananiita "mwalimu wangu" na kuniongezea kipande. Siku hiyo mbele yangu alikuwepo dada mmoja aliyeweka simu yake juu ya meza wakati anatafuta hela kwenye pochi. Nyuma yetu alipita kijana mmoja aliyebeba ndoo ya utumbo. Nilimjua kwa sura. Kazi yake ilikuwa kusafisha utumbo pale machinjioni. Aliomba njia, tukampisha, akaenda zake.

Yule dada akainua kichwa. "Simu yangu iko wapi?"

Mwenye bucha akaangalia huku na huku, kisha akanyoosha kisu kuelekea njiani. "Si huyo aliyepita hapa sasa hivi? Mwizi! Mkamateni huyo!"

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuliona jambo hilo anaweza kuamini lilivyo la haraka. Kijana alikuwa hajafika hata kwenye kona. Mtu wa kwanza alimtia ngwala, ndoo ikamwagika, na kabla hajainuka walikuwa wameshamzunguka. Alikuwa akisema, "Nipekueni! Nipekueni jamani!" Hakuna aliyempekua. Walimpiga mateke, kisha fimbo, kisha nikaona mtu anang'oa tofali kwenye ukuta wa kioski. Wengine walikuwa wanatoka madukani, hawajui hata ameiba nini, wanauliza huku mguu uko hewani.

Yule dada alikuwa analia. Aliazima simu ya mtu aliyesimama njiani, akapiga namba yake kutoka hukohuko. Nami nikaisikia ikiita, mbele yangu kabisa, chini ya magazeti ya kufungia nyama.

Mwenye bucha naye aliisikia. Aliinua gazeti, akaitazama simu, akaizima, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. Halafu akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Nilipiga kelele, "Simu hii hapa! Iko hapa! Mwacheni!" Nilikimbia kwenye lile kundi, nikamvuta mtu shati, nikapigwa kiwiko cha kifua nikaanguka. Nikainuka, nikavuta mwingine. Sauti yangu ilikuwa kama haipo. Walipochoka wenyewe ndipo walipofunguka, na kijana alikuwa amelala ubavu kwenye maji ya utumbo, jicho moja wazi. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wanakung'uta viatu.

Jumapili baada ya kutoka kanisani nilikaa kwenye kompyuta nikaandika yote. Sikumtaja mwenye bucha kwa jina, lakini niliandika kuhusu simu, magazeti na aproni. Mume wangu aliisoma amesimama nyuma ya kiti changu.

"Umeandika ukweli," alisema. "Lakini jina lako liko hapo chini."

"Siku zote lipo."

"Siku zote huwa unaandika kuhusu foleni ya maji."

Niliituma hivyohivyo. Kufikia kesho yake ilikuwa imeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima, na majina yangu matatu yalikwenda nayo. Watu waliokuwa wakinisalimia mwalimu tu sasa walilijua jina la babu yangu.

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa uani nafua. Mwenye bucha aliingia kwa mlango wa nyuma pamoja na mdogo wake. Mkono mmoja alishika simu, mwingine panga, lile fupi la kukatia mifupa. Alisoma kwenye simu, taratibu kama mtoto anayejifunza, jina langu, la baba, la ukoo.

"Ndiye wewe?"

Alikuwa ananijua. Alikuwa akiniuzia nyama kila wiki. Lakini alitaka niseme.

"Ndiye mie."

"Umeniua, mwalimu. Watu hawanunui kwangu. Watoto wangu wanazomewa shuleni. Umeniua."

Alinipiga kwa ubapa wa panga shavuni. Niliona weupe. Nilijaribu kukimbilia mlangoni, mdogo wake akanikamata nywele akanirudisha. Panga likaja tena, na safari hii nilikinga kwa mkono wa kulia. Niliusikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Akanipiga teke la mbavu, akasema, "Futa! Futa ulichoandika!" Nilitaka kumwambia kwamba siwezi kufuta nikiwa chini namna ile, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu.

Ndipo mama mwenye nyumba alipotokea. Alikuwa ameshika karai la mafuta kwa khanga yake, na mafuta bado yanachemka. Hakuuliza kitu. Aliyamwaga yote.

Yalimpata mwenye bucha shingoni na begani. Nimewahi kusikia ng'ombe wakilia machinjioni asubuhi, lakini sauti aliyoitoa yule mtu sijawahi kuisikia tena. Panga lilianguka. Mdogo wake aliniachia nywele akamshika nduguye, wakatoka wanagongana na kuta. Matone mengine yalinipata mimi kwenye mguu, na alama zake ninazo.

"Tokeni kwangu, mashetani nyie!" mama alikuwa anapiga kelele, karai tupu bado mkononi. "Mnaingia nyumba ya mwanamke mtu mzima na panga? Rudini! Rudini niwaoneshe!" Kisha akachuchumaa akanishika kichwa. "Mwanangu. Mwanangu, usilale. Nitazame mie."

Kituoni, kabla ya kuniandikia PF3 nikatibiwe, askari mmoja aliifungua blogu kwenye simu yake. "Mwalimu, haya majina ni ya kweli? Yote?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasonya. "Mtu anaandika mambo ya mauaji halafu anaweka jina kamili. Ungeandika mapishi." Wakati huo taya langu lilikuwa limevimba mpaka jicho limeziba.

Hospitali walinifunga hogo la plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Mwenye bucha hakuonekana tena mtaani, na ndugu zake walipita dukani kwa mama kila siku, hawanunui kitu, wanatazama tu milango yetu. Mume wangu akafunga mizigo. Tukahamia Goba, kwa wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu, mwenye nyumba kule mlimani.

Jioni ya kwanza pale Goba mume wangu aliweka kompyuta mezani. "Niambie neno la siri. Leo tunaifuta yote."

"Hatufuti."

"Wamekuvunja mkono!"

"Ndiyo maana hatufuti."

Tulibishana mpaka wifi akatoka chumba kile na watoto wake. Mume wangu alikuwa akipiga kelele. Sijawahi kumwona vile, si kwa msiba wala kwa ugonjwa. Mwisho alisema kwa sauti ya chini, "Basi tubadilishe jina. Tuliondoe tu hilo jina. Nakuomba." Na mie nilikuwa nimechoka, mbavu zinaniuma kila ninapovuta pumzi, nikasema sawa.

Sikuweza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilimtajia neno la siri, akafungua mipangilio, akafika pale penye majina yangu matatu. Akayafuta herufi moja moja. Aliuliza tuweke nini, sikumjibu, akaandika "Mkazi wa Dar". Akabonyeza kuhifadhi.

Nilidhani litabadilika kwenye ile habari ya bucha tu, na zitakazofuata. Kumbe jina likibadilishwa hubadilika kila mahali, mpaka habari ya kwanza kabisa. Nilimwambia ashuke chini, ashuke tena. Foleni ya maji: Mkazi wa Dar. Harusi: Mkazi wa Dar. Akafika kwenye msiba wa baba. Pale nilikuwa nimeandika jinsi nilivyomwosha miguu baba yangu asubuhi aliyokufa, na jinsi alivyoniita jina la utotoni mara ya mwisho. Chini yake: imeandikwa na Mkazi wa Dar.

Nilimpiga mume wangu kofi. Kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Miwani yake ilirukia ukutani. Hakuinua mkono. Aliinama akaiokota, kioo kimoja kimepasuka, akaivaa vilevile, akaniambia, "Nipige. Lakini uwe hai."

Kwa muda baada ya hapo sikuigusa blogu. Nilikuwa nashtuka mlango ukifungwa kwa kishindo. Siku moja wifi aliangusha sufuria jikoni, nami nikajikuta nimejikunyata nyuma ya kochi, nimekumbatia hogo langu. Watoto wake wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Nilipofungua tena nilikuta maoni mapya chini ya ile habari. Mtu alikuwa ameandika hivi: "Wewe Mkazi wa Dar ni nani? Hapa palikuwa na jina la mwalimu. Nilimwonesha mama jina hilo. Nimerudi leo halipo. Aliyekufa ni mdogo wangu. Nakutafuta." Na namba ya simu.

Mume wangu alisema huenda ni mtego. Nami niliogopa hivyohivyo. Nilipiga kwa simu ya wifi. Sauti ya mwanamke ilipokea, nyuma yake cherehani zinalia. Alikuwa fundi nguo upande wa Temeke. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi. Kelele za cherehani zikaisha. Alikuwa ametoka nje.

"Taja jina lako," alisema.

Nikalitaja lote. Akaanza kulia.

Alikuja Goba kesho yake, na mume wangu alikwenda kumpokea barabarani akamtazama vizuri kwanza. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, tepu ya kupimia nguo bado iko shingoni amesahau kuivua. Aliuona uso wangu, ambao uvimbe wake ulikuwa umepungua lakini bado una rangi, akaweka mkono mdomoni.

"Pole, dada. Ni kwa ajili yake?"

"Ni kwa ajili ya niliyoandika."

Akatueleza. Mdogo wake alizikwa kama mwizi. Baadhi ya ndugu hawakuja msibani. Mama yao haendi tena sokoni. Kituoni aliambiwa kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na faili limefungwa hapo.

"Nikawaambia kuna mwalimu ameona, jina lake hili hapa. Askari akafungua, hakuna jina. Akaniambia, dada, hii habari haina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuitunga." Alimgeukia mume wangu, si kwa hasira, kwa uchovu tu. "Shemeji, waliomuua mdogo wangu hawana majina. Na aliyewaona naye sasa hana jina. Mie niende na nani?"

Mume wangu akainuka. Alitoka nje akasimama uani kwa muda mrefu. Aliporudi alinikuta kwenye kompyuta, nimeshafika kwenye mipangilio, nahangaika na vidole vya kushoto. Nilimwona anasogea nikajiandaa kugombana. Akavuta kiti akakaa. "Umekosea herufi hapo kwenye jina la mzee," alisema. Nikarekebisha. Nikahifadhi mwenyewe.

Tulikwenda kituoni watu watatu. Safari hii hatukwenda kile cha jirani, tulikwenda cha juu yake. Nilitoa maelezo yangu kuanzia maini mpaka aproni, nikasaini kwa dole gumba la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa ndani ya hogo. Mama mwenye nyumba naye alikuja kutoa yake, na alipoulizwa kwa nini alimwagia mtu mafuta alimjibu mpelelezi, "Wee mwanangu, ningekuwa na karai kubwa zaidi ningelitumia hilo." Mpelelezi aliinamisha uso kwenye karatasi.

Mwenye bucha alikamatwa Boko, kwa ndugu yake, anauguza shingo. Na yule dada wa simu naye alipatikana. Alikuwa amerudishiwa simu yake na mwenye bucha jioni ya siku ileile, ameambiwa imeokotwa, na tangu hapo alikuwa hatoki ndani.

Nilidhani ukatili umeishia hapo. Lakini siku moja, saa nne asubuhi, askari walimleta mwenye bucha Vingunguti aoneshe mahali tukio lilipotokea, nasi tuliitwa tuwepo. Askari walikuwa wawili tu. Wakati ule mtaa mzima ulishajua habari ya simu iliyoita mezani. Watu wakaanza kutoka. Nilizijua sura. Nadhani wengi wao ni walewale, ingawa siwezi kuapa.

"Muuaji huyo!" mtu alipiga kelele. "Alitudanganya! Ametutia damu ya bure!"

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Alikuwa na pingu, hakuweza kujikinga. La pili lilimpasua sikio. Askari mmoja akamvuta, kundi likawatenganisha, na mwenye bucha akaanguka mahali ambapo si mbali na pale alipoangukia yule kijana. Akaanza kusema, "Jamani, jamani." Nikaona fimbo zinainuka.

Fundi nguo alinipita. Nilidhani anakwenda kumpiga naye, na Mungu anisamehe, nisingemzuia. Akajitupa juu ya yule mtu, akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Asife!" alipiga kelele. "Akifa nani atasema? Nani atasema mdogo wangu hakuiba? Mtamuua huyu halafu mtasema tena ni hasira! Asife!"

Jiwe lilimpata kwenye paji la uso. Damu ikamwagika machoni, hakuachia.

Mimi sikuwa na nguvu ya kumvuta mtu shati. Nilichokuwa nacho ni kwamba nimefundisha watoto wao. Nikasimama mbele yao nikaanza kuwaita kwa majina, kwa sauti ya darasani. Nilimtaja fundi baiskeli, majina yake mawili. Nikamtaja baba wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na la mtoto wake nikaliongeza. "Nakuona! Nitaandika kwamba wewe ulikuwepo! Na wewe, nakuona, shusha hilo tofali!" Yule baba aliniangalia kama aliyeamshwa usingizini. Akashusha tofali. Fundi baiskeli akarudi nyuma. Si wote, wapo waliorusha mawe kutoka nyuma, na moja lilimpata mume wangu aliyekuwa amekuja kusimama kando yangu, likamchana shavu. Lakini kundi lilikuwa limelegea, na askari akapata nafasi ya kufyatua risasi hewani. Wakatawanyika.

Kesi ilichukua muda mrefu, ikaahirishwa mara nyingi. Nilitoa ushahidi. Wakili wa utetezi aliniuliza kwa nini niliwahi kuliondoa jina langu kama nilikuwa na uhakika. Nikamjibu, "Nilivunjwa mkono." Hakuuliza tena.

Siku mwenye bucha aliposimama kizimbani alizungumza kwa sauti ndogo, kovu la mafuta limemvuta shingo upande. "Simu ilikuwa kwenye meza yangu," alisema. "Niliisikia ikiita. Nikaona nikisema, watanigeukia mimi. Yule kijana hakuiba kitu." Mama wa marehemu alikuwepo, benchi la mbele. Alimwambia binti yake arudie maneno ya mwisho sikioni, kwa kuwa hasikii vizuri, na binti akarudia. Mwenye bucha alihukumiwa kifungo, pamoja na mdogo wake. Waliorusha matofali siku ile ya kwanza hawakushtakiwa. Hakuna aliyewataja kwa uhakika, wala mie sikuweza; siku ile niliona migongo na miguu tu.

Hatukurudi Vingunguti. Mkono wangu haunyooki vizuri. Nikiandika ubaoni mistari inapanda juu, na wanafunzi wameshazoea. Mama mwenye nyumba huja kututembelea Goba, analalamika njia nzima kuhusu vilima.

Baada ya hukumu tulitoka mahakamani na fundi nguo na mama yake, tukaingia kwenye mgahawa mmoja wa jirani. Mama aliagiza wali na samaki. Binti yake aliniambia kwa kunong'ona kwamba tangu msiba mama hali zaidi ya matonge machache. Mama alikula taratibu, hakumwangalia mtu, akamaliza sahani yote. Kisha akamwita mhudumu akaomba aongezewe wali.